Video ya warsha haiwavutii watu: tafuta chanzo kabla ya kurekodi upya

Mtu amerekodi mada yake wiki moja kabla ya warsha, akamtumia mwenzake aitazame, na jibu likarudi: "Iko sawa, ila inachosha kidogo." Hapo wengi hufanya kosa lilelile. Wanabadilisha shati, wanawasha kamera, wanarekodi upya mwanzo hadi mwisho. Video ya pili inachosha vilevile, maana ugonjwa haukujulikana. "Inachosha" ni kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza.

Ugumu wa video ya namna hii ni kwamba dalili hujitokeza hapa na chanzo kiko kule. Watu watasema huna uchangamfu, kumbe maikrofoni ilikuwa mbali. Watasema slaidi ni nyingi, kumbe ulizisoma neno kwa neno. Ukumbini ungeona nyuso zao ukajirekebisha papo hapo. Mbele ya lenzi hakuna wa kukukonyeza.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, ipitie video yako mara tatu. Mara ya kwanza funga macho, sikiliza tu. Mara ya pili zima sauti, tazama tu. Mara ya tatu itazame kwenye simu iliyoegemezwa mezani, umbali wa mkono. Kila mara andika dakika na sekunde ambapo akili yako ilihama. Ikihama ukiwa umefumba macho, shida iko kwenye sauti au kwenye maneno. Ikihama ukiwa umezima sauti, angalia macho, mwanga na slaidi. Kama yote hayo ni mazuri ila unajikuta unachungulia imebaki dakika ngapi, shida ni mpangilio.

## Sauti inatoka mbali, kama uko chumba cha pili

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayosingiziwa mambo mengine. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga kidogo. Sauti inayomlazimisha kutega sikio haivumilii. Baada ya dakika tatu amechoka na hajui kwa nini, atasema mada ilikuwa nzito.

Chanzo cha kwanza ni umbali. Ukiongeza umbali kati ya mdomo na maikrofoni mara mbili, sauti yako inapungua kwa takriban desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki palepale. Ukikaa mita moja na nusu kutoka kwenye simu iliyosimamishwa kwenye stendi, kinachorekodiwa ni kuta zaidi kuliko wewe. Dawa ni kusogea: chini kidogo ya shubiri moja, yaani sentimita 15 hadi 20, kwa maikrofoni ya mezani, na iwe pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya herufi "p" na "b" isiipige moja kwa moja. Ile ndogo ya kubana kwenye nguo ikae kifuani, chini kidogo ya kola, mbali na mkufu au kitambaa kinachosugua. Huna maikrofoni ya ziada? Chukua simu ya pili, iweke mezani karibu nawe nje ya picha, irekodi sauti peke yake. Piga makofi mara moja mwanzoni. Mlio huo utakusaidia kulinganisha sauti na picha wakati wa kuhariri.

Chanzo cha pili ni chumba. Piga makofi katikati ya chumba usikilize. Ukisikia mlio unaoning'inia hewani, sauti yako nayo itaning'inia hivyo hivyo. Sakafu tupu, kioo na ukuta mtupu ndio wenye hatia. Tandika blanketi mezani, weka godoro au nguo nyingi upande ule unaoutazama ukizungumza, kwa kuwa sauti inakwenda huko kwanza. Chumba cha kulala chenye pazia na kitanda mara nyingi kinashinda ofisi nzuri yenye meza ya kioo.

Chanzo cha tatu kimenigharimu mwenyewe. Video yangu ya kwanza ya warsha ilikuwa ya dakika 22. Nilijifunga maikrofoni kifuani vizuri kabisa, nikachomeka waya, nikazungumza kwa raha. Nilipoisikiliza jioni nikakuta ninasikika kama niko ndani ya pipa, na feni inavuma juu yangu. Programu ilikuwa inasikiliza maikrofoni iliyo ndani ya kompyuta. Ile ya kifuani ilikuwa pambo. Tangu siku hiyo huwa nakwaruza maikrofoni kwa ukucha huku nikitazama mizani ya sauti kwenye skrini. Mizani ikiruka, sawa. Kisha nakwaruza ukingo wa kompyuta. Mizani ikiruka hapo, nimechagua maikrofoni isiyo yangu. Zoezi zima ni sekunde tano.

Maikrofoni za mezani zina mtego mwingine: nyingi husikia kwa ubavu, wala si kwa kichwa. Ukizielekeza kama maikrofoni ya mwimbaji, au ukakaa upande wa mgongo wake, sauti yako itakuwa hafifu hata ukikaa karibu.

Sauti ni nyembamba, kama ya simu. Karibu kila mara ni hedifoni ya Bluetooth. Maikrofoni yake ikianza kutumika, kifaa kizima hubadilika na kuingia mtindo wa kupiga simu, ambao mara nyingi hurekodi sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde badala ya 44,100 au 48,000. Hakuna kichujio kitakachorudisha kilichokatwa. Tumia ya waya.

Sauti inapasuka ukicheka au ukisisitiza. Kiwango cha kurekodi kiko juu mno. Kishushe mpaka unapozungumza kwa nguvu mizani ifike kati ya desibeli -12 na -6, isiguse 0. Sauti hafifu huweza kuongezwa baadaye, iliyopasuka imekwenda. Hapa kurekodi upya ni halali.

Kuna mvumo wa kudumu chini ya sauti. Zima feni, ondoa kompyuta juu ya meza iliposimama maikrofoni, kisha acha sekunde tano za kimya kabla hujaanza kusema. Kimya hicho ni mali: Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, hukisoma ili ijue kelele ikoje, halafu huipunguza kwenye rekodi yote. Usiikaze sana, la sivyo utasikika kama unaongea ukiwa chini ya maji.

## Sauti ni nzuri, lakini unasikika unasoma

Hapa ndipo warsha nyingi hufia, na tiba yake haipo dukani. Chanzo ni kwamba uliandika kwa ajili ya macho, halafu ukataka masikio yapokee. Kiswahili chetu cha ripoti kina sura yake ya vikao, na kikitoka mdomoni mbele ya kamera kinakuwa kigumu kama mti mkavu. Chukua mfano huu kutoka kwenye mada ya upangaji wa bajeti:

"Katika sehemu hii tutajikita katika kuangazia umuhimu wa uandaaji wa bajeti shirikishi kwa kuzingatia mahitaji ya wadau mbalimbali."

Hesabu vitenzi na sifa zilizogeuzwa kuwa majina: umuhimu, uandaaji, mahitaji. Hakuna mtu anayefanya kitu katika sentensi ile. Sasa isemee jirani yako:

"Umeshawahi kupanga bajeti, ukaipeleka kwa watu, wakaikataa? Mara nyingi hesabu zilikuwa sahihi. Ila wao hawakuwepo ulipokuwa unazipanga."

Mada ni ileile. Ya pili ina mtu, ina tukio, na inaweza kusemwa bila karatasi. Ndiyo njia ninayowapa watu: usiandike hotuba, andika vichwa vitano vya habari kwa kalamu nene kwenye karatasi moja, ibandike karibu na lenzi, halafu simulia. Ukikosea neno, nyamaza sekunde mbili, rudia sentensi nzima, endelea. Usizime kamera. Vile vimya vya sekunde mbili vitaonekana wazi kwenye mstari wa sauti unapohariri, nawe utakata katikati.

Kama ni lazima usome, kwa mfano masharti ya kisheria au maelekezo ya usalama, sema wazi kwamba unasoma, yaonyeshe kwenye skrini, kisha rudi kwenye mazungumzo. Mtazamaji husamehe kusoma kunakojitangaza.

Angalia pia unamsemesha nani. "Kama mnavyoona hapa, ndugu washiriki" inafaa ikiwa video itaonyeshwa ukumbini. Ikiwa kila mtu ataitazama peke yake kwenye simu, "mnavyoona" inamfanya ageuke kutafuta wenzake. "Unaona hapa" inamweka yeye na wewe mezani. Chagua moja, uishike hadi mwisho.

Kasi si sahihi. Utasikia ushauri wa maneno 150 kwa dakika. Hesabu hiyo ni ya Kiingereza. Kwetu neno moja kama "hatukuwaambia" ni sentensi kamili, kwa hiyo ukijilazimisha kufika 150 utakimbia kama unayetangaza mpira. Jipime kwa saa: zungumza dakika moja kwa mwendo wako wa kawaida ukimweleza rafiki, hesabu maneno, hiyo ndiyo kasi yako ya kukadiria urefu wa mada.

Huna uhai kabisa. Kamera hupunguza uchangamfu. Kinachoonekana kwako kuwa kimezidi, kwenye skrini huwa cha kawaida. Simama badala ya kukaa, pumzi itafunguka. Lakini dawa inayoshinda zote ni mtu mmoja hai aliyeketi nyuma ya lenzi. Atikise kichwa, acheke, akunje uso asipoelewa. Nimeona mtu mwenye sauti ya mazishi akibadilika ndani ya dakika moja kwa sababu mdogo wake aliketi pale akimsikiliza. Akiuliza swali, lijibu ukiwa bado unarekodi. Huenda hicho ndicho kipande bora cha video yote.

Kuhusu "yaani", "kwa hiyo" na "sawa?": usizikate zote. Mazungumzo yasiyo na hata "yaani" moja yananuka mashine. Kata zile zinazofuatana.

## Macho yako yanakwepa

Mtazamaji anahisi unaongea na mtu mwingine. Sababu ni tatu tu kwa kawaida: unajitazama mwenyewe kwenye skrini, unasoma maandishi yaliyo pembeni, au kamera iko chini ya macho yako kwa kuwa kompyuta imekaa mezani bila kitu chini yake. Hii ya mwisho inamwonyesha mtazamaji tundu za pua na taa ya dari.

Inua kompyuta kwa vitabu mpaka lenzi ilingane na macho. Funika picha yako mwenyewe kwa karatasi. Ukitumia simu, kumbuka lenzi iko ukingoni. Weka kibandiko kidogo chenye rangi kando yake ili jicho lipate pa kutua. Maandishi ukiyahitaji, yasogeze yawe chini tu ya lenzi na uyafanye membamba katikati ya skrini, ili macho yasisafiri kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayetazama tenisi.

## Uso mweusi, rangi zinazocheza, mistari inayotambaa

Uso wako ni kivuli na dirisha linang'aa. Dirisha liko nyuma yako. Kamera imepima mwanga wa nje ikakuacha gizani. Geuza kiti, litazame dirisha. Hakuna taa ya kununua hapa.

Mwanga au rangi vinabadilika kila unaposogea. Kamera inapima upya kila mara. Kwenye simu nyingi, bonyeza uso wako kwenye skrini na ushikilie. Mwanga na fokasi vitafungwa hapo. Wingu nalo hupita: ukirekodi kwa dirisha, vipande vya asubuhi na vya alasiri havitaungana vizuri.

Mistari ya giza inapanda au kushuka kwenye picha. Taa zako zinawaka na kufifia kufuata umeme. Umeme wa hezi 50 hufanya taa ififie mara 100 kwa sekunde. Wa hezi 60, mara 120. Jicho halioni, kamera inaona. Kwenye mipangilio ya kamera tafuta kinga ya kumetameta, chagua 50 au 60 kulingana na umeme wa mahali ulipo. Kama programu inakuruhusu kuweka kasi ya shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha, tumia 1/50 au 1/100 kwa hezi 50, na 1/60 au 1/120 kwa hezi 60. Ikishindikana zima taa, tumia mwanga wa mchana.

## Midomo na sauti vimeachana

Kwanza uliza: zimeachana sawasawa mwanzo hadi mwisho, au zinaachana zaidi kadiri video inavyosonga? Jibu la swali hili linaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Zikiachana kwa kiwango kilekile, ni ucheleweshaji wa kawaida. Sogeza sauti mbele au nyuma kwenye programu ya kuhariri mpaka mlio wa makofi ukutane na viganja. Imekwisha.

Zikizidi kuachana, mshukiwa mkuu ni simu. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (picha mojamoja zinazounda video) inayobadilika: mwanga ukipungua au simu ikipata moto, inapunguza fremu kimyakimya. Programu ya kuhariri inadhani kila sekunde ina fremu 30, na kosa linalimbikizana. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, uchague kasi ya fremu isiyobadilika, ndipo uhariri nakala hiyo. Kama ulirekodi sauti kwa kifaa cha pili, saa za vifaa viwili hazilingani kabisa. Kata sauti katika vipande vya dakika tano hivi, ulinganishe kila kipande.

Na kama sauti yako imekuwa nzito na ya polepole kama umeamshwa usingizini, rekodi ya sampuli 48,000 inachezwa kama ya 44,100. Weka mradi wote kwenye 48,000.

## Wanasoma slaidi, hawakusikilizi

Maandishi na sauti vikisema jambo lilelile kwa wakati mmoja, vinagombania akili. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu aliyechunguza mafunzo ya picha na sauti kwa miongo kadhaa, anaita jambo hili kanuni ya urudufu: picha pamoja na maelezo ya mdomo hufundisha vizuri kuliko picha, maelezo ya mdomo na maandishi ya maelezo hayohayo kwa pamoja. Mtu husoma haraka kuliko unavyosema, anamaliza slaidi, anakusubiri, na akisubiri anafungua ujumbe kwenye simu.

Acha maneno matatu au manne kwenye slaidi, mengine yabaki mdomoni. Orodha ndefu igawe katika slaidi tano zinazobadilika haraka; kwenye video slaidi hazina gharama. Mambo ya kuhifadhi, kama fomula au hatua kumi, yaandike kwenye kijitabu utakachowapa washiriki, uwaambie kiko wapi. Manukuu kwa wasiosikia ni jambo jingine kabisa: yaweke, lakini yawe ya kuwasha na kuzima, na uache nafasi tupu chini ya slaidi yasije yakafunika mchoro.

Herufi hazionekani. Hapo ndipo ile mara ya tatu ya kutazama, ya simu mezani, inapofanya kazi. Usichoweza kusoma hapo, futa au kuza.

Onyesho la skrini lina ukungu. Skrini yako ilikuwa na pikseli 1366 kwa 768 na ukatoa video ya 1920 kwa 1080. Programu imenyoosha picha. Rekodi na utoe kwa vipimo vilevile, au anza na skrini ya 1920 kwa 1080. Kuza kivinjari hadi asilimia 150 kabla ya kuanza. Zima arifa. Na utulize kishale: wengi wetu hukizungusha tukifikiri, na jicho la mtazamaji hukifuata kama paka.

## Wanaiacha katikati

Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi 4 za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Watu huishika namba hiyo wakakimbilia mkasi: wanachukua hotuba ya dakika 40 na kuikata vipande saba. Uchambuzi uleule uligundua kwamba mihadhara iliyokatwakatwa haishiki watu kama video zilizopangwa fupi tangu mwanzo. Kipande kilichokatwa huanza na "kama nilivyosema awali", na aliyekifungua leo hakusikia hayo ya awali.

Panga upya basi, kila video iwe na swali moja na jibu moja. Warsha ya saa mbili inaweza kuwa na video nne za dakika tano na kazi katikati yake. Ikiwa huwezi kusema kwa sentensi moja mtazamaji atafanya nini video ikiisha, hiyo ni mihadhara miwili imefungwa kamba.

Ukiona wanaondoka ndani ya dakika ya kwanza, tazama ulivyofungua. Jina, cheo, shukrani kwa waandaaji, historia ya mradi, ajenda: ukumbini huo ni muda wa watu kutafuta viti. Kwenye video hakuna anayetafuta kiti. Anza na tatizo, onyesha kitu, jitambulishe baadaye kwa sekunde kumi. Itifaki mwachie mshereheshaji.

Wakiondoka katikati, huenda hujawapa kazi. Warsha ni mahali pa mikono. Sema, "Simamisha video. Andika mambo matatu yaliyokwamisha bajeti yako ya mwisho. Ukimaliza endelea," kisha kaa kimya sekunde tano nzima huku maelekezo yakiwa kwenye skrini. Sekunde tano hizo zitakuuma unaporekodi. Zivumilie: ukiongea mara moja, hakuna atakayesimamisha. Na ukirudi, taja majibu ambayo watu huandika mara nyingi. Mshiriki akisikia jibu lake likitajwa na mtu aliyerekodi wiki iliyopita, anakaa.

Kitu kimoja cha kuepuka ni kudanganya kwamba uko moja kwa moja. "Naona mikono mingi imeinuliwa" inachekesha mara moja tu. Sema ulirekodi mapema, na kwamba maswali utayajibu wakati fulani uliopangwa. Vilevile usiseme "jana" wala "asubuhi hii".

## Ilicheza kwako, ikagoma siku ya warsha

Hapa makosa ni ya haraka na tiba ni za haraka.

Inaonekana, haina sauti, kwenye mkutano wa mtandaoni. Anayeionyesha alishiriki skrini bila kushiriki sauti ya kompyuta. Kwenye Zoom kuna visanduku viwili vya kuteua pale unaposhiriki skrini: kimoja cha sauti, kingine cha kuboresha uchezaji wa video. Viwili vyote viwekewe alama.

Inakatakata. Usiicheze kutoka kwenye intaneti huku mkutano nao unatumia intaneti hiyohiyo. Faili iwe ndani ya kompyuta. Washiriki wakiwa na mtandao dhaifu, watumie kiungo waitazame wenyewe, mkutane tena baada ya dakika kumi.

Haifunguki, au inatoa sauti bila picha. Simu imerekodi kwa HEVC, mfumo mpya zaidi wa kubana video, na kompyuta ya ukumbini ni ya zamani. Kwenye programu ya kuhariri, toa nakala ya MP4 yenye picha ya H.264, mfumo wa zamani zaidi, na sauti ya AAC. Hiyo hufunguka karibu kila mahali.

Faili ni kubwa mno. Ulirekodi kwa 4K, ambayo inaweza kula zaidi ya megabaiti 300 kwa dakika. Slaidi na uso havihitaji hivyo. Kwa 1920 kwa 1080 na megabiti 4 kwa sekunde, dakika moja ni megabaiti 30, na video ya dakika 12 ni kama megabaiti 360. Flashi ikikataa faili ingawa ina nafasi tele, imeumbizwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, ambao haupokei faili la kufika gigabaiti 4.

Rekodi imepotea umeme ulipokatika. Ukitumia OBS Studio, programu ya kurekodi kwenye kompyuta, chagua faili la aina ya MKV. Faili la kawaida la MP4 lisilofungwa vizuri mara nyingi halifunguki kabisa. La MKV hubakiza karibu kila kilichorekodiwa kabla ya kukatika. Ukimaliza, OBS yenyewe inaweza kuligeuza kuwa MP4 bila kupunguza ubora. Simu nayo iwekwe kwenye hali ya ndegeni, maana simu moja ikiingia inaweza kukata rekodi katikati.

Siku moja kabla, faili lichezwe kwenye kompyuta ileile itakayotumika, kupitia spika zilezile. Mwendeshaji umpe karatasi yenye urefu wa video, dakika ambazo atasimamisha kwa ajili ya kazi, na maneno yako ya mwisho kabisa, ili ajue video imeisha na haijakwama.